Mnamfokea Keshia, Mnamwacha Bosi: Foleni ya Supamaketi Ina Mwenyewe

Haya wadau, lile sakata la staa na keshia limeshazunguka kila grupu la WhatsApp mjini na hukumu imeshatoka: keshia mvivu. Ushahidi ni video ya dakika nne. Mahakimu ni mashabiki. Na adhabu imeshatekelezwa, binti wa watu kaambiwa, "Pumzika kwanza nyumbani, tutakupigia." Kila aliyewahi kuajiriwa Bongo anajua simu ya namna hiyo huwa haipigwi.

Kwa ambao mlikuwa mmelala, kisa chenyewe ni hiki. Ijumaa ya mwisho wa mwezi, jioni, supamaketi moja kubwa hapa Dar, jina kapuni. Staa mmoja wa kike, naye jina kapuni ila nyimbo zake mnazikata viuno kwenye kila harusi, kasimama foleni na toroli lake. Kachoka, kafungua laivu: "Jamani wapenzi wangu, karibu nusu saa nimesimama hapa. Mwoneni huyu dada anavyopitisha vitu, kama anahesabu shanga. We dada, umekula kweli leo?" Keshia kajibu kwa sauti ya chini, "Samahani dada yangu, nasubiri ufunguo." Watu wakacheka. Kesho yake bosi wa duka naye kajitokeza na tamko lake: wanaomba radhi, uzembe wa mtumishi mmoja umeshughulikiwa, na wateja wajue kwamba mwisho wa mwezi "watu huwa wanajaa tu."

Watu huwa wanajaa tu! Kama vile foleni ni mvua ya masika, inashuka yenyewe kutoka juu na hakuna anayeweza kuulizwa.

Uongo. Foleni inapigiwa hesabu, na hesabu hizo zina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1909 Mdenmark mmoja anaitwa Agner Krarup Erlang, mtu wa hesabu aliyekuwa akifanya kazi kwenye kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha kazi yake kuhusu simu zinazoingia kwa kubahatisha. Swali lilikuwa la kawaida kabisa: watu wanapiga muda wowote wanaotaka, kila mmoja anaongea kwa urefu wake, sasa uweke laini ngapi ili wasisubiri mpaka wakate tamaa? Toa simu, weka toroli. Toa laini, weka kaunta. Swali ni lile lile, na majibu yapo. Bosi anayesema watu wanajaa tu ama hajui kazi yake, ama anajua na anawafanya nyie wajinga.

VIDEO YENYEWE NDIYO SHAHIDI

Rudini mkaiangalie ile video, ila safari hii acheni kumwangalia staa na kucha zake. Angalieni nyuma yake. Kaunta za malipo ziko tisa. Zenye taa na mtu ni tatu. Sita zimefungwa mnyororo, moja imegeuzwa stoo ya maboksi ya juisi. Kila kaunta iliyo wazi ina watu wanane kwenye mstari, yaani watu 24 jumla. Na ndani ya dakika zile nne, kwenye kaunta zote tatu, wateja waliolipa wakaondoka ni wanne.

Sasa twende taratibu. Wateja wanne kwa dakika nne ni mteja mmoja kwa dakika. Watu 24 wanasubiri, anatoka mmoja kila dakika. Mtu wa mwisho atasubiri dakika 24. Hakuna uchawi hapo. Mmarekani mmoja, profesa John Little, ndiye aliyeithibitisha kanuni hiyo kihesabu mwaka 1961 na mpaka leo inaitwa kwa jina lake: idadi ya watu walio ndani ni sawa na kasi yao ya kuingia zidisha muda anaokaa kila mmoja, mradi mambo yawe yametulia. Ukijua viwili, cha tatu unakipata bila kumuuliza mtu. Simama mlangoni: wakiingia watu wawili kwa dakika, na ndani kuna watu 60, basi kila mmoja anakaa humo wastani wa nusu saa. Hata muuza mahindi wa nje anaweza kujua duka linaendaje bila kukanyaga ndani.

Ni kweli dakika nne ni kipande kidogo, mtu mbishi atasema labda muda ule mambo yalikuwa mabaya kuliko kawaida. Sawa. Lakini hesabu inakaribiana na kilio cha staa mwenyewe, "karibu nusu saa." Kwa hiyo staa hakudanganya kuhusu muda. Alichokosea ni mtu wa kumnyooshea kidole.

Maana ukigawa vizuri, kaunta tatu zikitoa mteja mmoja kwa dakika, kila keshia anamhudumia mteja kwa dakika tatu. Toroli la mwisho wa mwezi, mchele, unga, sabuni, mafuta, pampasi za mtoto, kisha malipo kwa simu ambayo meseji yake inagoma kuingia. Dakika tatu ni uvivu? Haya, mfanyeni yule binti awe mashine. Aongeze kasi kwa kupunguza asilimia 10 ya muda, kila mteja dakika 2 na sekunde 42. Mwenye watu wanane mbele yake atasubiri dakika 21 na nusu hivi badala ya 24. Binti kakimbia mpaka jasho, na staa kaokoa dakika mbili na nusu. Sasa fungueni kaunta tatu nyingine. Watu wale wale, kasi ile ile ya "kuhesabu shanga", kusubiri kunashuka mpaka dakika 12, na foleni inaanza kuisha.

Hilo ndilo lilikuwa mkononi mwa bosi.

NA ULE UFUNGUO?

Walioangua kicheko pale keshia aliposema anasubiri ufunguo, wengi hawajui alichokuwa anakisema. Kwenye supamaketi nyingi keshia haruhusiwi kufuta kitu alichokwishapitisha. Mteja akisema, "Dada, hii toa, hela haitoshi," keshia ananyoosha mkono kumwita supavaiza mwenye ufunguo au kadi yake. Supavaiza asipokuwepo, keshia anakaa. Hakai kwa kupenda, kakazwa na utaratibu wa duka lenyewe, uliowekwa ili asiibe.

Angalieni tena video. Mkono wa yule dada uko juu. Supavaiza mmoja, kaunta tatu, na hajulikani yuko wapi. Dakika ile nzima ambayo mashabiki wanasema "anashangaa shangaa" imehesabiwa kwenye dakika zake tatu. Ongeza karatasi ya risiti ya EFD inayoisha katikati, bakodi isiyosomeka mpaka mtu atumwe rafuni kuuliza bei, mtandao unaozunguka. Yote hayo yanaandikwa kwenye jina la keshia, na hakuna hata moja ambalo keshia ana mamlaka nalo.

BOSI ANASEMA ATAFILISIKA

Utetezi wa mabosi unajulikana, na usiachwe bila kujibiwa, maana kidogo una ukweli. Wanasema: mishahara ni hela. Ukiweka makeshia sita, kuna muda watatu watakuwa wanaangalia simu. Bora watatu wanaofanya kazi muda wote kuliko sita wanaopiga soga.

Hapo ndipo wanapokamatwa, kwa sababu "kufanya kazi muda wote" ndio ugonjwa wenyewe.

Chukulia kaunta moja, mteja mmoja dakika tatu kwa wastani, wengine wana mkate tu na wengine wana toroli zima, na watu wanakuja kwa kubahatisha. Kanuni ya kusubiri ni hii: chukua asilimia ya muda ambao keshia yuko bize, gawanya kwa asilimia ambayo yuko huru, zidisha kwa muda wa kumhudumia mteja mmoja. Akiwa bize asilimia 50, 50 kwa 50 ni moja, mteja anasubiri wastani wa dakika 3. Akiwa bize asilimia 80, ni 80 kwa 20, mara nne, dakika 12. Akiwa bize asilimia 90, dakika 27. Asilimia 95, dakika 57.

Soma tena hizo namba mbili za mwisho. Bosi kamkamua keshia asilimia tano za ziada, na mteja kaongezewa nusu saa. Akifika asilimia 100 kamili hakuna tena wastani wa kutaja, foleni inaongezeka mpaka muda wa kufunga duka. Kila bosi anayejisifu kwamba "kwangu mtu hakai bure hata sekunde" anajisifu kwamba wateja wake wanaoza kwenye mstari. Nafasi ndogo ya kupumua ya keshia ndiyo inayomfanya mteja asisubiri. Zimamoto nao wanakaa bure siku nyingi, na hakuna anayetaka wawe bize muda wote.

Na kile kilio cha "watu wanajaa"? Chukulia watu 80 wanafika kwenye kaunta kwa saa, kila mmoja dakika tatu. Hiyo ni kazi ya dakika 240 kila saa. Keshia mmoja ana dakika 60. Kwa hiyo unahitaji makeshia wanne ili tu usizame, na watano ili upumue. Ukiweka watatu unahudumia 60, na wale 20 wanabaki kila saa wakirundikana. Anza saa kumi na nusu watu wanapotoka kazini, kufika saa kumi na mbili kasoro robo hivi una watu 24 wamesimama. Haihitaji uzembe wa mtu yeyote. Makeshia wote watatu wanaweza kuwa malaika na foleni ikafika ile ile.

Tena hakuna anayemwambia afungue kaunta tisa saa nane mchana siku ya Jumanne. Hiyo nayo ni kutupa hela. Anaambiwa ahesabu. Mashine zake za risiti zinaandika saa na dakika ya kila mauzo, hivyo anajua Ijumaa ya mwisho wa mwezi inakuwaje kabla haijafika. Wapanga rafu wake wafundishwe kukaa kaunta kwa saa mbili tatu za msukosuko, kisha warudi kwenye rafu zao. Supavaiza wawe wawili jioni. Hayo hayafilisi mtu. Kinachofilisi ni yale matoroli yanayotelekezwa katikati ya duka na samaki wanayeyuka ndani yake, kwa sababu mama wa watu kaangalia mstari, kaangalia saa, kaondoka zake kwa Mangi wa mtaani. Ripoti ya mauzo haimwonyeshi huyo mama. Inaonyesha waliolipa tu, ndiyo maana bosi anaamini kila kitu kiko shwari.

MSTARI MMOJA, NA MASTAA WAPANGE PIA

Kuna kitu kingine ambacho hakihitaji kuajiri hata mtu mmoja. Mabenki mengi mjini yalishaacha habari za kila dirisha na mstari wake: unachukua namba, dirisha lolote likiwa wazi unaitwa. Supamaketi nyingi bado zinawaacha wateja wabahatishe mstari, ndiyo ile kila siku unahisi mstari wa jirani unakimbia. Si mkosi. Ukiwa na mstari wako na mistari miwili pembeni, wa kwako una nafasi moja tu kati ya tatu ya kuwa wa haraka kuliko yote. Mara mbili kati ya tatu utamwona mwenzio akikupita.

Rudi kwenye watu wale 80 kwa saa, kaunta tano. Kila kaunta ikiwa na mstari wake na watu wasihame, kusubiri ni wastani wa dakika 12. Kaunta hizo hizo tano, makeshia hao hao, mstari mmoja unaomwagikia kaunta inayokuwa huru: dakika moja na sekunde 40 hivi. Kaunta ya sita ikifunguliwa, hata nusu dakika haifiki. Kwenye maisha ya kweli watu huwa wanahama mistari wakiona pengo, kwa hiyo tofauti haitakuwa kubwa hivyo, lakini ipo na ni ya bure. Kwenye mistari mingi, kaunta moja inaweza kukaa tupu sekunde kadhaa huku mwenzake kazidiwa. Kwenye mstari mmoja hilo halitokei.

Na kuna faida nyingine ambayo wakubwa hawaipendi: mstari mmoja unaua ujanja wa kuchomekea. Ule mtindo wa "dada nipitishie haraka, nina ratiba", wa mtu anayejulikana kuingilia mlango wa pembeni na walinzi wakimpisha, unaonekana na kila mtu. Aliyetangulia anahudumiwa kwanza, awe na wafuasi milioni au awe na buku tano mkononi.

KWA STAA MWENYEWE

Hasira yake ilikuwa ya haki. Nusu saa ya mtu ni nusu saa ya mtu, staa au mama ntilie. Lakini hasira ina anwani. Yule dada kaunta namba tatu hakupanga ratiba ya zamu. Hakufunga minyororo kwenye kaunta sita. Hakushika ufunguo. Mshahara wake hauongezeki foleni ikiwa ndefu, unaongezeka msongo tu, na kwenda chooni kunakuwa ni ombi maalumu kwa sababu akisimama, theluthi ya duka inasimama.

Staa ana sauti ambayo binti hana. Alikuwa na dakika nne hewani na watu maelfu wakimsikiliza. Angegeuza simu upande wa pili kidogo tu, akaonyesha kaunta sita tupu, akauliza, "Bosi, hizi pambo?" Siku hiyo hiyo zingefunguliwa, maana mabosi wanaogopa kamera kuliko wanavyoogopa mahesabu. Badala yake kalenga pale pepesi. Bado hajachelewa. Video ya pili haigharimu kitu, na bosi aliyemrudisha keshia nyumbani kwa kuogopa video ya kwanza atamrudisha kazini kwa kuogopa ya pili.

Mashabiki nao waache unafiki. Wengi waliomtukana yule binti wana dada zao, wake zao na watoto wao wamekaa kwenye viti vile vile, wakifokewa na watu wale wale kwa kosa la mtu ambaye ofisi yake iko ghorofani na hajawahi kupanga foleni kwenye duka lake mwenyewe.

Basi wikiendi hii kila mdau akienda supamaketi asirekodi sura ya mtu. Ahesabu vitu vinne: kaunta ziko ngapi, zilizo wazi ngapi, watu mbele yake wangapi, na dakika alizosimama. Hayo tu. Aje ayamwage hapo chini kwenye komenti, jina la duka abaki nalo, la keshia ndio kabisa. Zikifika komenti hamsini, mabosi wataujua ukweli bila mtu kufukuzwa.

Wadau, mnasemaje? Funguka.